Volti 12 haziui mtu, lakini zinachoma gari

"Fundi, hizo ni volti 12 tu, haziui mtu."

Nimeisikia Mwanga hapa Kigoma, nimeisikia Ujiji, na wiki hii nimeisikia tena kwa simu kutoka Kasulu. Anayeisema kwa kawaida ameshanunua Hiace au Coaster kuukuu, ameng'oa viti, ametengeneza kitanda na kabati, na sasa anataka taa, feni, friji ndogo na mahali pa kuchajia simu. Wapo wafanyabiashara wa dagaa wanaolala minadani, wapo wahubiri wanaozunguka vijijini, wapo waongoza watalii na vijana wanaotaka kuizunguka nchi bila kulipia gesti kila usiku. Useremala wamejifanyia wenyewe, na mara nyingi umetulia. Mapazia yanapendeza. Kisha wanapitisha waya za umeme kwa moyo uleule wa kujifanyia, bila fyuzi hata moja, na kwa sababu volti ni 12 wanalala usingizi juu yake.

Nusu ya kauli ile ni kweli. Shika teminali zote mbili za betri ya gari kwa mikono mikavu, husikii kitu. Ila kinachounguza waya ni ampea, yaani wingi wa umeme unaopita, na betri ya gari imetengenezwa makusudi kutoa ampea nyingi kwa mkupuo, kwa kuwa staata ya injini ya dizeli inavuta mamia yake. Mamia hayo yatapita popote patakapofunguka njia, pawe ni staata au waya mwembamba wa taa uliochubuka juu ya mlango. Nyumbani kwako kuna sakiti breka kwenye bodi. Betri haina kitu kama hicho. Ikipigwa shoti inatoa yote iliyonayo mpaka waya unakuwa mwekundu, plastiki inayeyuka, na kilicho jirani kinashika moto. Ndani ya gari la kulala kilicho jirani ni plaiwudi, pazia na godoro la sponji, na moshi wa sponji una sumu kali inayomlegeza mtu kabla hajapata fahamu ya kutafuta mlango. Mlango wa karibu nao mara nyingi ni mmoja tu.

Jambo ambalo wengi hawalitafakari ni kwamba ndani ya gari ukuta wenyewe ndio hasi. Nyumba ya matofali inakusamehe: waya wa chanya ukichubuka ukagusa tofali, pengine hakitokei kitu. Bodi la gari limeunganishwa na hasi ya betri kuanzia mbele mpaka nyuma, kwa hiyo waya mmoja wa chanya ukigusa bati tupu, hiyo tayari ni shoti kamili. Na waya utachubuka. Umepitishwa kwenye tundu lililotobolewa kwa drili, kingo zake kali kama wembe, bila mpira wa kulinda, halafu gari linapelekwa kwenye barabara za changarawe zenye matuta madogomadogo yanayolitetemesha kutwa nzima. Mtetemo ule unafanya kazi ya msumeno. Kila tundu la bati livishwe mpira, kila waya uingizwe kwenye bomba la plastiki, na ubanwe kila baada ya shibiri mbili usicheze.

Sasa fyuzi. Watu wanaamini fyuzi inalinda kifaa: friji ikiharibika, fyuzi ikatike. Hapana. Fyuzi unayoiweka wewe inalinda waya. Ndiyo maana ukubwa wake unafuata unene wa waya, na mahali pake ni pale waya unapoanzia, yaani kwenye betri. Mimi naiweka ndani ya shibiri moja kutoka teminali ya chanya, na sikubali zaidi ya hapo. Nimefungua magari mengi yenye fyuzi nzuri kabisa, mpya, imefungwa nyuma karibu na friji, huku mita nne za waya kutoka kwenye betri zikipita chini ya kapeti bila mlinzi. Shoti ikitokea katika mita hizo nne, fyuzi ile haitajua lolote.

Kwa waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba sizidishi fyuzi ya ampea 10. Wa 2.5 naupa 15, wa 4 naupa 25. Wapo mafundi wanaopandisha zaidi ya hapo na vitabu vinawaruhusu, lakini waya uliofichwa nyuma ya plaiwudi, kwenye gari lililoanikwa juani, hauna pa kupumulia, nami nataka uwe na nafasi.

Fyuzi ikikatika, kuna kinachoikata. Kitafute. Kuweka uzi wa shaba au karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, au kupandisha ya 30 kwa sababu ya 10 "inasumbua", ni kumfunga mdomo aliyekuja kukuambia kwamba nyumba inaungua. Mwenye gari ananiambia tangu aweke ile karatasi kila kitu kinawaka vizuri. Kinawaka, ndiyo, na waya nao unapata moto kidogo kidogo mahali usipopaona.

Dada wa dhana hii ni ile ya waya: "Waya huu unaendesha pasi nyumbani, utashindwaje na kitu cha gari?" Hesabu ni fupi. Pasi ya wati 1000 kwa volti 230 inavuta ampea 4 na kitu. Wati 1000 hizohizo kwa volti 12 ni ampea 83, na ukijumlisha zinazopotea ndani ya inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, unapita 90. Kadiri volti zinavyoshuka, ndivyo waya unavyotakiwa kunenepa. Inveta ya wati 1000 naifungia kebo ya milimita 35 za mraba, fupi, isiyozidi mita moja, na fyuzi ya ampea 125. Mteja anaponiletea inveta iliyofungwa kwa waya wa 2.5 huku anashangaa mbona inalia na kuzima, sina haja ya kuifungua.

Hata pale ambapo waya hauungui, unaiba volti. Wengi wanapenda waya wa spika kwa sababu ni rahisi kupinda. Chukua wa 0.75, umbali wa mita 5 kutoka betri mpaka friji. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 10, na ukinzani wake ni karibu omu 0.23. Friji ya kompresa inayovuta ampea 5 inapoteza zaidi ya volti 1 njiani. Kwenye volti 230, kupotea kwa volti moja hukuoni. Kwenye betri yenye 12.4, friji inabaki na 11.2 na kitu, na friji nyingi za kompresa zina ulinzi unaozima volti zikishuka. Mteja anarudi dukani kugombana kwamba kauziwa friji mbovu. Friji ni nzima. Ipe waya wa 6 uone.

Usitumie pia ule waya mgumu wa nyumbani wenye uzi mmoja. Ukutani umetulia miaka na miaka, lakini kwenye gari unapindwapindwa na mtetemo mpaka unakatika, na hukatikia palepale kwenye kiungo. Nunua waya wa nyuzi nyingi. Viungo usivizungushe kwa vidole na kuvifunga tepu. Gundi ya tepu inalainika kwa joto na baada ya miezi michache inaning'inia. Bana vichwa vya waya kwa koleo lake, vivishe mpira unaonywea kwa joto. Na hili likumbukwe hata na waliokwisha kuweka fyuzi: kiungo kilicholegea kinaweza kuunguza gari bila fyuzi kukatika, kwa sababu ampea hazijazidi, ni joto tu limejikusanya mahali pamoja. Kwa hiyo ukimaliza kazi, washa kila kitu kwa nusu saa, kisha pitisha mkono kwenye viungo vyote. Chenye joto kirudiwe.

Hayo ndiyo yanayoninyima raha. Yaliyobaki nitayasema kwa ufupi, na moja kati yake ni fupi kwa sababu halina mjadala.

Hilo moja ni mkaa. "Makaa yakishaiva hayana moshi, hayana madhara." Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayotoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hamwoni anayemuua. Kufungua dirisha vidole viwili hakutoshi. Jiko la mkaa halilali ndani ya gari, hata kama mvua inanyesha, hata kama ni baridi ya Juni huko Kasulu, hata kama ni la kupasha chai tu. Lipikie nje, lizimie nje, lilale nje.

Wa gesi nao wana lao: "Dirisha likiwa wazi, gesi itatoka." Gesi ya mitungi tunayopikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka sakafuni na kutulia, na dirisha la usawa wa bega haliisaidii kutoka. Mtungi wa kilo 6 ujengewe kasha lake lililozibwa upande wa ndani, lenye tundu kwenye sakafu linalotoa nje, chini ya gari. Kiungo kinapimwa kwa povu la sabuni. Njiti ya kiberiti si kipimo.

"Betri hii hii ya gari itanifikisha asubuhi." Itakufikisha mara kadhaa, kisha itakufa. Sahani zake ni nyembamba, zimeumbwa kwa kutoa nguvu ya sekunde chache na kujazwa tena mara moja. Ukiikamua usiku kucha, ikapumzika chini ya volti 12.2, umeshakula nusu yake, na kila ukirudia hivyo sahani zinaota ukoko usiotoka. Weka betri ya pili, ya kutumika taratibu, aina wanazouza wa sola, na kati yake na ya injini weka rilei, yaani swichi inayojiwasha yenyewe, inayoziunganisha injini ikiwa inaunguruma tu. Kama ni ya asidi, usiizibe kwenye boksi chini ya kitanda: ikichajiwa inatoa haidrojeni, nayo inahitaji tundu la juu la kutokea nje.

Sola. Naulizwa kila mara pembe ya kuinamishia paneli, na watu wanatengeneza vyuma vya kuinua na kushusha. Kigoma tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua linapita karibu na utosi. Ilaze paneli juu ya paa, iache uwazi wa vidole vinne chini yake hewa ipite, maana paneli ikipata joto kali inapunguza umeme, basi. Usiegeshe chini ya mwembe halafu ukalaumu paneli. Kivuli cha tawi moja kwenye kona kinatosha kuangusha umeme wa paneli nzima. Na wati 100 zilizoandikwa nyuma ni za jua kali na paneli ya baridi. Kwa siku nzima jihesabie kama wati-saa 400, na upange matumizi kwa hizo.

Sponji la godoro lililobandikwa ukutani "kuzuia joto" linanyonya maji. Watu wawili wakilala ndani, pumzi zao zinagandia kwenye bati la baridi nyuma ya sponji, na huku ziwani hewa yenyewe imejaa unyevu. Baada ya masika moja ukibandua unakuta ukungu na kutu. Tumia foamu ngumu isiyonywa maji, ibandikwe ikigusana na bati. Kabla ya hapo paka paa rangi nyeupe na utoboe tundu la feni juu. Vitu viwili hivyo vinapoza gari kuliko sponji lolote.

Mwisho mninga. Najua, mninga wa Tabora ni fahari yetu, hauliwi na mchwa na unang'aa. Lakini gari halina mchwa, lina springi. Ubao wa mninga wa inchi moja wenye eneo la shiti moja ya plaiwudi unakaribia kilo 45. Plaiwudi ya milimita 12 ni kama kilo 20. Ukijenga kitanda, kabati na meza kwa mninga, umepakia abiria kadhaa wasioshuka kamwe, na ukiweka na pipa la lita 100 za maji, hizo ni kilo 100 nyingine. Breki zinachelewa, na kwenye kona za kushuka kuelekea ziwani gari linayumba. MDF, zile mbao za unga uliogandamizwa kwa gundi, usiiguse: ni nzito kuliko plaiwudi na ikilowa inavimba. Ukitaka mninga uonekane, weka ukingo wa meza tu. Kabati lifungwe kwenye mbavu za bodi kwa bolti na nati za kujikaza, kwa sababu skrubu iliyoshika bati jembamba inang'oka breki ya kwanza ya ghafla, na milango ya kabati iwe na komeo. Sumaku haishiki masufuria kwenye matuta.