Je, sweta lililotokana na chupa za plastiki halina madhara?

Newala, juu ya uwanda wa Makonde, Juni na Julai kuna baridi ambayo sisi wa Mtwara mjini hatujaizoea. Masweta mazito yenye manyoya laini hayakawii kuisha kwenye belo za mitumba. Langu nililinunua huko. Lina nembo ya Patagonia, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1973 na mpanda milima Yvon Chouinard, na lebo ya ndani inasema kitambaa chake kimetokana na plastiki iliyorejelezwa. Niliposoma hivyo niliona habari imekwisha: chupa imeokolewa jalalani, basi nguo ni safi. Nilikosea, na nimekutana na wengi wanaoamini hivyohivyo.

Lebo haisemi uongo. Chupa ya maji na uzi wa poliesta ni plastiki ya aina moja. Chupa husagwa, huyeyushwa, kisha uji wake husukumwa kwenye matundu madogo mno, kama unga wa tambi unavyopita kwenye mashine yake, zikatoka nyuzi. Patagonia ilianza kutumia chupa kwa masweta yake mwaka 1993, na kila chupa inayotumika tena hupunguza haja ya mafuta ghafi. Lakini lebo hiyo inaeleza nguo ilikotoka tu. Inachofanya ikishafika kwenye beseni lako, haikitaji. Na uzi uliorejelezwa, kama ule mpya, hauozi.

Sasa tazama manyoya yenyewe. Kitambaa hufumwa kikiwa na vitanzi vidogo, kisha hupitishwa kwenye brashi za waya zinazovichambua mpaka vinyanyuke. Aliyewahi kuona makumbi ya nazi yakipondwa ufukweni atanielewa upesi. Kumbi zima limeshikamana. Likipigwa, usumba unafumuka, unajaa hewa, na kila pigo linapukutisha nyuzi fupi zisizofaa hata kusokota kamba. Brashi huifanyia poliesta vivyo hivyo. Hewa inayonaswa katikati ya manyoya ndiyo inayotupa joto, na manyoya yaleyale yaliyofumuliwa ndiyo yanayochomoka nguo ikisuguliwa. Kwangu hili ndilo la ajabu kuliko yote: kilichofanya sweta liwe sweta ndicho kinacholipukutisha.

Fua sweta jeusi kwenye beseni jeupe, kisha mimina maji polepole juu ya kipande cha shuka nyeupe. Hubaki utando wa kijivu, laini kama vumbi la chini ya kitanda. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kwa fedha za Patagonia yenyewe, walichapisha vipimo vyao: wastani wa gramu 1.7 za nyuzi kwa kila nguo kwa kila ufuaji, na nguo zilizochakazwa zilitoa nyingi kuliko mpya. Walifua kwa mashine, kwa hiyo kiasi hicho tusikihamishie moja kwa moja kwenye mikono na beseni. Madhara ya nyuzi hizi kwa afya ya binadamu nayo bado yanachunguzwa. Hata hivyo, hilo la uchakavu linatugusa sana sisi tunaovaa mitumba.

Kuhusu aliyeshona, neno "iliyorejelezwa" halisemi lolote. Hiyo huulizwa peke yake. Patagonia ilianza mwaka 2014 kuuza nguo zenye cheti cha biashara ya haki, yaani kinachoangalia maslahi ya wafanyakazi wa kiwandani, na mwaka 2015 ilikiri hadharani kwamba ukaguzi wake ulikuta, kwa wanaoiuzia vitambaa Taiwan, wafanyakazi wahamiaji waliotozwa fedha nyingi na mawakala ili wapate kazi.

Langu nalifua mara chache, kwa maji baridi, bila kulisugua sana. Maji nayachuja, na ule utando nautupa pamoja na taka kavu, maana mtaro wa nyuma ya nyumba yetu unaishia baharini.