Ali ana nyota ngapi?

Tuanze na hesabu. Kuna kijana anaitwa Ali, mama yake Fatuma. Wazee wa pwani wanaotazamia kwa kitabu hawamuulizi amezaliwa lini. Wanamuuliza jina lake na jina la mama yake, basi. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake katika abjadi: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, mpaka ghaini ambayo ni 1,000. Ali ni ayni 70, lamu 30 na ye 10, jumla 110. Fatuma anatoka 135. Jumlisha, unapata 245. Toa kumi na mbili kumi na mbili mpaka isitoke tena, inabaki 5. Buruji, yaani alama za nyota, ni kumi na mbili, na ya tano ni Asadi, yaani Simba, nyota ya moto. Mzee atamwambia Ali kuwa yeye ni mtu wa hasira za karibu, anapenda kuongoza, hapendi kuamrishwa, na mkono wake mwepesi wa kutoa.

Sasa tuseme Ali alizaliwa tarehe 5 Novemba. Akifungua ukurasa wa nyota gazetini atajikuta ni Nge: msiri, mwenye wivu, hasahau aliyemkosea. Akivuka barabara kwa jirani yake Mhindu anayefuata unajimu wa Kihindi, ataulizwa tarehe, saa na mahali alipozaliwa, kwa sababu huko kinachotazamwa kwanza ni mwezi ulikuwa wapi, na mwezi huhama buruji kila baada ya siku mbili na nusu hivi. Anaweza kutokea popote kati ya zile kumi na mbili.

Na ukitazama anga lenyewe? Tarehe 5 Novemba siku hizi jua halipo kwenye kundi la nyota la Nge. Lipo Mizani. Mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia ya watoto inayokaribia kuanguka, na mzunguko mmoja wa kuyumba huko huchukua miaka 26,000 hivi. Hipparchus, Mgiriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuligundua jambo hili. Toka zama zake tarehe za magazetini na makundi ya nyota vimepishana kwa karibu buruji nzima. Unajimu wa Kihindi husahihisha tofauti hiyo, ule wa magazetini hausahihishi. Isitoshe, kwa mipaka ya makundi ya nyota wanayotumia wanaastronomia tangu 1930, jua hukaa ndani ya Nge kwa wiki moja tu, kisha huingia kwa Mbeba Nyoka, kundi la kumi na tatu ambalo hakuna gazeti linalolitaja.

Mimi ni mwanasaikolojia, kazi yangu ni unasihi, na hesabu hizo nimejifunza kwa sababu wateja wangu wanakuja nazo. Kwamba mifumo hii haikubaliani halinishangazi, ni ya watu tofauti wa zama tofauti. Kinachonishughulisha ni kwamba Ali, ukimsomea nyota zote hizo moja baada ya nyingine, atatikisa kichwa kwa kila moja. “Hapo umenipata.”

Hili lilipimwa zamani. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa haiba, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo yake “binafsi” na kumwomba atoe alama kutoka sifuri hadi tano, yamemgusa kiasi gani. Wastani ulikuwa 4.26. Baadaye wakagundua kuwa wote walipewa karatasi moja, ambayo Forer aliiunga kwa sentensi nyingi kutoka kitabu cha unajimu cha kununuliwa barabarani. Zilikuwa sentensi za aina hii: unapenda watu wakukubali, lakini wewe mwenyewe hujisamehi, kwa nje unaonekana umetulia, ndani una wasiwasi. Nani atakataa? Sentensi ya namna hiyo inashika pande zote mbili, na msikilizaji ndiye anayetafuta tukio la kuijaza.

Mfaransa Michel Gauquelin alikwenda mbali zaidi. Alitangaza gazetini kuwa anatoa usomaji wa nyota bure, kisha akawatumia waombaji wote usomaji mmoja, na karibu wote wakasema umewaeleza sawasawa. Nyota aliyowatumia ilikuwa ya Marcel Petiot, daktari aliyekatwa kichwa Paris mwaka 1946 baada ya kupatikana na hatia ya kuua watu 26.

Wanajimu wenyewe nao wamejaribiwa. Shawn Carlson alichapisha jaribio lake katika jarida la Nature mwaka 1985: kila mnajimu alipewa chati ya nyota za kuzaliwa ya mtu mmoja na ripoti za haiba za watu watatu, achague ipi ni ya mwenye chati. Kwa kubahatisha tu utapata moja kati ya tatu. Nao walipata kama hivyo.

Wenzangu wengi wa fani hii hufunga faili hapa. Mimi naona ndiyo kwanza panaanza kuwa patamu, kwa sababu kuna utafiti mwingine ambao mwanzoni ulionekana kuwapa wanajimu ushindi. Mwaka 1978 Jeff Mayo, mnajimu, pamoja na Hans Eysenck, mwanasaikolojia maarufu wa London, walitoa matokeo ya watu zaidi ya 2,000. Wenye nyota za moto na upepo walijieleza kuwa wachangamfu na wapenda watu, wenye nyota za udongo na maji kuwa watu wa ndani zaidi, vilevile kama vitabu vya nyota vinavyosema. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. Baadaye Eysenck na wengine wakarudia vipimo hivyo wakiwatenga wanaojua nyota zao na wasiozijua. Kwa wasiojua, tofauti ilitoweka. Kwa wanaojua, ilibaki.

Soma tena hapo. Mahali jua lilipokuwa siku uliyozaliwa hapakukuumba mchangamfu. Lakini kuambiwa kwamba watu wa nyota yako ni wachangamfu, ukaambiwa nyumbani, shuleni, gazetini, kunabadilisha unavyojieleza, na unavyojieleza kunagusa unachothubutu kufanya.

Likifanyika kwa taifa zima, hesabu yake inaonekana. Huko Japani kuna mwaka unaoitwa wa Farasi wa Moto, hurudi kila baada ya miaka 60, na imani ya zamani inasema msichana anayezaliwa mwaka huo atakuwa na tabia kali ya kumwangamiza mume. Mwaka 1965 walizaliwa watoto milioni 1.82. Mwaka 1966, wa Farasi wa Moto, walizaliwa milioni 1.36. Mwaka 1967 wakapanda hadi milioni 1.94. Nyota hazikuzuia mimba hata moja. Ni wazazi walioamua, kila nyumba kivyake, kwa hofu ya kitu ambacho wengi wao wangekwambia hawakiamini, ila wanaogopa majirani wataamini binti akifika umri wa kuolewa. (Mwaka 2026 ni Farasi wa Moto tena.)

Ofisini kwangu hili linakuja kwa sura ndogo. Nawachanganya watu kadhaa hapa ili asitambulike yeyote. Dada mmoja anakaa, anasema: “Mimi ni Nge, sisi hatusamehi.” Sibishani naye kuhusu Nge. Namuuliza alijua lini kuwa ni Nge. Kidato cha pili, anasema, kwenye daftari la rafiki yake lililokuwa likizungushwa bweni zima. Na kabla ya hapo, ulikuwa husamehi? Anafikiri. Anamkumbuka mdogo wake aliyemvunjia kitu alichokithamini, na wakacheka jioni ileile. Hapo tunakuwa na kitu cha kufanyia kazi: mtu aliyewahi kusamehe, ambaye sasa ana sentensi inayomwambia hawezi.

Sentensi hiyo ina faida yake, ndiyo maana haitoki kirahisi. Aliyeisema vizuri kuliko wanasaikolojia wote ninaowajua ni Augustino, mwanateolojia wa Kikristo, Mwafrika wa Thagaste, mji ambao leo upo Algeria. Ujanani alishikamana na wanajimu, na katika Maungamo yake, aliyoyaandika mwaka 397 hivi na kuendelea, anaeleza walichokuwa wakimpa: kama dhambi imetoka mbinguni, kama ni Zuhura au Zohali au Mirihi aliyefanya, basi mwanadamu hana lawama. Kilichomtoa huko ni kisa alichosimuliwa na rafiki yake Firminus. Siku aliyozaliwa Firminus, mjakazi katika nyumba ya rafiki wa baba yake alijifungua dakika hiyohiyo. Wanaume hao wawili walikuwa mashabiki wa unajimu, wakawa wametuma wajumbe kupeana habari, nao wajumbe wakakutana katikati ya njia. Nyota ni ileile, bila tofauti yoyote. Firminus akakulia kwenye mali na heshima, yule mwingine akabaki mtumwa.

Hata hivyo siwezi kuwaweka wazee wa kitabu na ukurasa wa gazeti kwenye kapu moja, na hapa najua baadhi ya wasomaji wangu wasomi watanuna. Mzee wa pwani haishii kusema “wewe ni Asadi, ndivyo ulivyo, nenda zako.” Akiona uzito, ana la kukupa ufanye: toa sadaka, ahirisha safari, au badilisha jina la mtoto kwa sababu limemzidi. Rudi kwenye hesabu yetu. Ali akiitwa Musa, jina lake linakuwa 116, na la mama linafikisha 251. Inabaki 11. Ametoka Asadi ya moto ameingia Dalu ya upepo kwa kuitwa kwa jina jingine tu. Sisemi kuwa mtoto atapona kwa hilo. Nasema mfumo huo uliacha mlango wa hiari wazi, na familia nzima ikapita hapo: wakajua mtoto anaumwa, wakamkalia, wakamwita upya. Programu ya simu inayokuletea “tabia tano za Nge” kila asubuhi haikupi mlango wowote.

Wengine watasema wao ni watu wa dini, mambo ya nyota hayawahusu. Waislamu wanakumbuka hadithi ya siku alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, jua likapatwa na watu wakasema limepatwa kwa ajili yake, naye akawaambia jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Ibn Khaldun, mwanahistoria Mwislamu, kwenye kitabu chake Mukadima cha 1377, aliweka sehemu nzima ya kuubomoa unajimu. Sawa. Lakini nenda kwenye semina ya ndoa kanisani Jumamosi, utakuta wachumba wanagawiwa karatasi za aina nne za haiba: wewe sanguini, wewe koleriki, huyu melankoli, yule flegmatiki. Sanguini ni upepo, koleriki ni moto, melankoli ni udongo, flegmatiki ni maji. Ni mgawanyo uleule wa tiba ya Kiyunani ulioshikana na nyota kwa karne nyingi, umevua kanzu ukavaa suti. Nimewahi kukaa na mume aliyekuwa anamjibu mkewe, kila akilalamika, kwa neno moja: “Mimi koleriki.”

Je, nyota hazina kazi yoyote katika kujijua? Zina moja, nami naiheshimu. Kuna wanaume wa makamo ambao hakuna mtu aliyewahi kukaa nao saa nzima akiwauliza wanaogopa nini, wanapenda nini, mbona hawalali. Mtu wa kwanza kufanya hivyo alikuwa mnajimu, naye aliwatoza. Mwanaume ambaye hatasema “nina huzuni” anaweza kusema “nyota yangu ni ya maji,” na ukiwa msikilizaji mzuri utaelewa amekuambia nini. Huyo simnyang'anyi nyota yake. Namuuliza maji hayo yanajaa lini, nyumbani au kazini, na nani akiwepo.

Wenye nyota ya hasira nawapa kazi nyingine: daftari dogo, aandike kila mara nyota ilipokosea. Bosi alimtukana naye akanyamaza. Mtoto alimwaga maziwa naye akafuta. Watu wanaona aibu kuandika hayo mwanzoni, wanadhani ni ya bahati tu. Ukurasa ukijaa tunakaa kuchunguza kila tukio: alikuwa ameshiba? Amelala? Nani alikuwa anatazama? Mara nyingi inaonekana kwamba anajizuia vizuri kabisa mbele ya wenye nguvu na hajizuii mbele ya wanyonge wake. Hilo si jambo tamu kulisikia, na hakuna buruji inayolieleza.

Wagumu zaidi ni wachumba walioambiwa nyota hazipatani, mmoja moto mwingine maji, na shangazi wameshika bango. Siwaambii waoane, siwaambii waachane. Nawauliza mkigombana nani huanza kunyamaza, na kimya hicho huchukua siku ngapi. Nani anajua mshahara wa mwenzake. Mama akiugua atakaa kwa nani. Baadhi huoana, baadhi huahirisha mpaka jambo linakufa lenyewe. Walioachana, sijampata hata mmoja aliyerudi kunieleza kuwa ni moto na maji. Wananitajia mkopo uliofichwa, na mara nyingi zaidi, mama mkwe.