Tiba ya sehemu za nafsi: ni nini, na kwa nini huanza na walinzi

Mtu akisema "roho moja inaniambia nimsamehe, nyingine inakataa katakata", hakuna anayemshangaa. Tiba ya sehemu za nafsi huyachukua maneno hayo kama yalivyo. Inasema ndani ya kila mtu mna sehemu kadhaa, kila moja na hofu yake, kumbukumbu zake na kazi yake, na mara nyingi mvutano wa ndani ni ugomvi wa sehemu hizo juu ya namna ya kumlinda mtu yuleyule. Si habari ya pepo kupanda kichwani, wala si ule ugonjwa wa mtu kubadilika akawa kama mwingine na kusahau aliyoyafanya.

Wazo hili lina wazee wake. Roberto Assagioli wa Italia alilizungumzia mapema karne ya 20, na Virginia Satir wa Marekani aliwapa watu waigize sehemu za nafsi ya mmoja wao mbele ya macho yake. Aina inayojulikana zaidi leo, Mfumo wa Familia ya Ndani, ni ya Richard Schwartz, mtaalamu wa tiba ya familia aliyeianzisha Chicago miaka ya 1980 akihudumia wagonjwa wa bulimia, yaani wanaokula kupita kiasi kisha wakajitapisha. Alihangaika na familia zao kama alivyofundishwa. Familia zikatengemaa, ulaji ukabaki palepale. Alipowauliza kulikoni, walimweleza kwamba kuna sehemu inayowatukana siku nzima, nyingine inajiona tupu, halafu inakuja ile ya kula ili wasihisi chochote.

Mwanzoni alipambana nazo. Husimulia kisa cha mgonjwa aliyekuwa akijidhuru: yeye na mgonjwa waliibana ile sehemu iliyomsukuma kujidhuru mpaka ikaahidi kuacha, na kikao kilichofuata mgonjwa akarudi na jeraha baya zaidi. Schwartz akanyoosha mikono, akakiri kwamba hawezi kuishinda. Sehemu ikajibu kuwa haikutaka kumshinda. Ndipo akaanza kuiuliza badala ya kuiamrisha, nayo ikaeleza kwamba zamani, msichana yule alipokuwa akinyanyaswa, ndiyo iliyomsaidia kuizuia hasira ambayo ingemletea mateso zaidi.

Katika lugha ya tiba hii, sehemu zilizobeba maumivu ya zamani ni watengwa. Mara nyingi ni za kitoto, na zimefungiwa mbali. Zinalindwa na makundi mawili ya walinzi. Wasimamizi hufanya kazi kabla maumivu hayajaamka: kujikosoa, kutaka kila kitu kikamilike, kumridhisha kila mtu. Wazimamoto huja yakishaamka, na hawajali hasara: pombe, hasira, kula, kujikata, kulala siku nzima.

Chukua mwanamume anayelewa kila akigombana na mkewe. Mtabibu haanzi kwa kumhubiria. Humwomba aitazame ile kiu: anaisikia wapi mwilini, na anajisikiaje kuihusu? Akijibu "naichukia", basi hiyo inayochukia nayo ni sehemu, nayo huombwa isogee pembeni kidogo. Ikisogea, hujitokeza utulivu, udadisi na huruma. Hicho kiini cha mtu, kisicho sehemu mojawapo, Schwartz anakiita Nafsi, naye anaamini kila mtu anayo hata baada ya mateso makubwa. Kutoka hapo kiu huulizwa inaogopa nini kitatokea ikiacha kazi yake. Jibu linaweza kuwa la mtoto wa miaka sita: nitabaki peke yangu.

Mtengwa haguswi mpaka walinzi waridhie. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye busara kubwa ya njia hii, hasa kwa aliyepata kiwewe, yaani jeraha la moyo linaloachwa na tukio la kutisha, kwa sababu walinzi wakirukwa hujibu kwa nguvu, na mtu anaweza kutoka kikaoni akaenda moja kwa moja baa. Wakiridhia, mtengwa husikilizwa mpaka aone ameeleweka, kisha husaidiwa kuutua mzigo, yaani ile imani kwamba yeye ni mbaya au hana mtu.

Ushahidi bado ni mwembamba kuliko sifa zake. Utafiti wa majaribio wa mwaka 2021 uliwapa watu wazima 17 wenye kiwewe cha utotoni vikao 16, na wengi walipata nafuu kubwa. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa kiwewe tiba nyingine: ya kurekebisha fikra na mienendo, na ile ya kukumbuka tukio huku macho yakifuata mkono unaosogezwa.

Kuiuliza hasira yako inalinda nini, hilo waweza kulifanya nyumbani. Kumfuata mtengwa wa kiwewe peke yako sikushauri. Tena kile ambacho sehemu "inakumbuka" si ushahidi wa kupeleka mahakamani. Kumbukumbu huumbika upya, na mtabibu anayekuongoza kuelekea tukio usilowahi kulikumbuka ni wa kukimbia.