Je, wajua kwa nini moshi uleule hudhuru zaidi jiji linapokua?

Ukichoma gunia la taka katikati ya pori la Kitui, upepo utautawanya moshi kabla haujamfikia mtu. Gunia hilohilo ukilichomea nyuma ya maghorofa ya Kariobangi, Nairobi, mtaa mzima utakohoa.

Ndiyo maana kupima uchafu wa hewa pekee hakutoshi. Lazima uulize pia ni watu wangapi wanaivuta, na kwa muda gani. Jiji laweza hata kupunguza moshi wake na wagonjwa bado wakaongezeka, iwapo wakazi wanaongezeka haraka zaidi.

Mfano ni jaa la Dandora. Lilipofunguliwa miaka ya 1970, lilikuwa pembezoni mwa jiji; sensa ya 1979 ilihesabu Nairobi nzima watu kama 828,000. Ya mwaka 2019 ikakuta karibu milioni 4.4. Jaa halikuhama, ila jiji lililifuata likalizunguka. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori yaliendelea kumwaga. Taka zikioza hutoa gesi ya methani, ambayo hushika moto kwa urahisi, na chembe za moshi huo ni ndogo ajabu: zile hatari zaidi hazifiki hata sehemu moja kwa thelathini ya unene wa unywele. Hupenya mapafu hadi kwenye damu, na hapo hatuzungumzii kikohozi tena, ni moyo na kiharusi.

Kukua kwenyewe nako huzaa moshi. Nyumba za bei nafuu ziko mbali, kazi ziko katikati ya jiji, na matatu inayosonga hatua kwa hatua kwenye foleni huchoma mafuta mengi kwa kilomita ileile. Abiria hupita, mama anayechoma mahindi stejini hushinda hapo, na jiko lake la makaa likiwa usoni.

Je, dawa ni kupunguza watu? London mwaka 1952 ilikuwa na watu kama milioni 8, na mitambo ya umeme ya makaa ya mawe katikati ya jiji. Ukungu wa moshi wa siku tano mwezi Desemba uliua maelfu. Leo wakazi ni wengi kuliko wakati ule, ila mtambo wa Battersea, mmoja wa ile ya makaa ya mawe, ulizimwa mwaka 1983. Sasa ni maduka na nyumba za kuishi.