GOA kwenye TV ni nini, na kwa nini huchoka?

Ukimpelekea fundi wa Ngarenaro, Arusha, TV ya flati yenye picha mbili zilizopandana, au mistari ya kulala inayochezacheza, huenda akaichungulia kidogo akasema: "Mama, hii GOA imekufa." Kisha bei. Herufi tatu hizo hazielezwi, na wewe unabaki kuitikia tu.

Tuanzie sokoni Kilombero. Lori la ndizi likifika, vijana hujipanga mstari, mkungu ukapita mikononi: wa kwanza kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu. Akishaupokea wa tatu, wa pili anashusha mikono. Hiyo ndiyo shifti rejista, saketi inayowasha safu za picha kwa zamu. Badala ya mkungu kinapita pigo la umeme, na badala ya sauti ya "haya, lete!" kuna kloku, mapigo yanayotoka kwenye bodi ya tikoni (T-CON), inayopanga muda wa kila kitu kwenye paneli. Kila kijana ni hatua moja ya saketi, na hatua inayofuata ndiyo inayoiambia iliyotangulia: nimepokea, zima.

Paneli ya Full HD ina safu 1,080, na picha huchorwa safu baada ya safu, kwa kawaida mara 60 kwa sekunde. Piga hesabu: kila safu inapata mikrosekunde 15 hivi. Zamani kuwasha safu ilikuwa kazi ya chipu zilizobandikwa ukingoni. Baadaye viwanda vikaona ni nafuu kuijenga rejista juu ya kioo chenyewe, kwa transista nyembamba (swichi ndogo za umeme) zilezile zinazoendesha pikseli. GOA ndiyo hiyo: Gate driver On Array, yaani kiwasha safu kilichojengwa juu ya kioo. Ukingo ukawa mwembamba na bei ikashuka, ila fundi ndiye aliyeumia: chipu mbovu ikiwa nje ya kioo unaweza kuing'oa uweke nyingine, lakini iliyochorwa ndani ya kioo utaing'oaje?

Transista hizo kwa kawaida ni za silikoni isiyo na fuwele. LeComber, Spear na Ghaith wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, waliionyesha dunia mwaka 1979 kwamba zinaweza kuendesha skrini za LCD. Ni rahisi kuzitandaza kwenye kioo kikubwa, lakini zina ugonjwa wa kuzaliwa. Ukiiwekea geti yake, yaani mguu unaoiwasha na kuizima, volti kwa muda mrefu, elektroni hunaswa kwenye tabaka la kihami, na vifungo dhaifu ndani ya silikoni hukatika. Basi volti ya kuiamsha hupanda polepole. Transista haijaungua, imekuwa nzito tu kuamka.

Sasa, ni transista ipi inayochoka? Mtu angedhani ni ile kubwa inayosukuma pigo kwenye safu. Siyo. Hiyo hufanya kazi mara moja katika kila zamu 1,080, kisha hulala. Anayeteseka ni mlinzi wake. Transista kubwa imeunganishwa na kloku, na kloku haitulii hata safu ikiwa imezimwa. Sehemu ya mtikisiko huo hupenya hadi kwenye geti yake na kutaka kuiamsha kabla ya wakati. Kwa hiyo kuna transista nyingine inayoishikilia safu chini, kwenye volti hasi, muda wote uliobaki. Hesabu yake ni zaidi ya asilimia 99.9 ya maisha ya TV ikiwa imewaka. Askari gani analinda hivyo asisinzie? Akisinzia, safu hufunguka wakati si wake, data ya safu nyingine ikaingia, nawe ukaona picha mbili.

Dawa iliyozoeleka ni kuweka walinzi wawili wakapokezana lindo. Mapigo mawili ya taratibu, yanayopingana, huwaendesha: huyu akiwa macho, geti ya mwenzake inashushwa, hata chini ya sifuri, na sehemu ya elektroni zilizonaswa huachiliwa. Uchovu hauishi, lakini unaenda kwa mwendo wa kobe. Gharama yake ni transista zaidi, na nafasi zaidi kwenye ukingo ambao wauzaji wanautaka mwembamba. Wengine hutumia oksidi ya indiamu, gali na zinki badala ya silikoni. Hiyo hupitisha umeme vizuri zaidi, ila nayo ina matatizo yake, hasa ikipigwa na mwanga.

Halijoto nayo ina neno. Asubuhi ya Julai hapa Arusha elektroni huwa nzito, na paneli iliyokwisha kuchoka inaweza kuanza na mistari ikatulia ikishapata moto. Chini ya mabati ya Moshi mwezi Februari ni kinyume: nguvu ipo, lakini uvujaji unaongezeka na uchovu unakimbia. Paneli nyingine zina kihisi joto kinachopandisha volti ya kuwashia wakati wa baridi.

Na ile mbinu ya mafundi ya kubandika tepu kwenye pini za kloku za upande mmoja? Si uchawi. Paneli nyingi kubwa huwa na rejista mbili, kushoto na kulia, zinazowasha safu moja kwa pamoja. Ukiikatia kloku ile mbovu, ile nzima hubeba peke yake safu zote 1,080 mpaka ng'ambo ya kioo. Picha inarudi, wakati mwingine upande mmoja ukiwa umefifia. Ulizia gwarantii kabla hujalipa.