Inhela ya bluu peke yake haitibu pumu

Mgonjwa akiniambia, "Daktari, pumu yangu haina shida, nikibanwa napuliza mara mbili, kifua kinaachia," huwa namuuliza swali moja: kopo moja linakuchukua muda gani? Akijibu mwezi, naacha kuandika. Kopo la salbutamoli, dawa ya haraka iliyo kwenye inhela ya bluu, lina mipulizo 200, kwa hiyo anapuliza karibu mara saba kila siku. Pumu hiyo haijatulia. Misuli ya njia za hewa inalegezwa kutwa nzima, uvimbe wenyewe haujaguswa.

Makopo 3 au zaidi kwa mwaka yanaambatana na hatari ya kubanwa vikali, na 12 au zaidi yanaambatana na hatari ya kifo. Tathmini ya vifo vya pumu iliyochapishwa Uingereza mwaka 2014 ilionyesha kwamba, kati ya waliokuwa wakitumia dawa hizi za haraka walipofariki, asilimia 39 waliandikiwa zaidi ya makopo 12 ndani ya mwaka. Wenzangu, aliyeandika dawa hizo ni mtaalamu kama mimi na wewe. Jambo hili linaniuma.

Ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa wa kukabili pumu, haushauri tena kumpa mtu mzima au kijana wa miaka 12 na kuendelea salbutamoli peke yake, hata pumu ikiwa nyepesi. Anayebanwa avute steroidi, inayotuliza uvimbe, na formoteroli, inayolegeza misuli ya njia za hewa, kwa pamoja, katika inhela moja. Katika utafiti wa SYGMA 1 wa mwaka 2018, budesonidi-formoteroli (budesonidi ndiyo steroidi) iliyotumika wakati wa kubanwa tu ilipunguza mashambulio makali kwa asilimia 64 ikilinganishwa na terbutalini, dawa ya haraka kama salbutamoli. Ni kweli kwamba waliovuta budesonidi kila siku walidhibiti dalili vizuri zaidi, lakini waliovuta budesonidi-formoteroli wakibanwa tu walipata asilimia 17 tu ya kiasi cha steroidi cha wale wa kila siku, na mashambulio yao makali hayakuwa mengi zaidi. Mgonjwa anayesahau dawa ya kila siku (na wengi husahau) analindwa namna hii.

Hapa kuna kosa ninalokutana nalo mara kwa mara: kudhani salmeteroli, dawa nyingine ya kulegeza misuli hiyo, inaweza kushika nafasi ya formoteroli. Haiwezi. Formoteroli hufungua kifua ndani ya dakika chache, salmeteroli huchelewa, na mtu aliyebanwa hana muda wa kusubiri. Kwa budesonidi-formoteroli ya 200/6 (mikrogramu za kila dawa kwa mpulizo mmoja), mtu mzima asizidishe mipulizo 12 kwa siku, ile ya kila siku na ya dharura kwa jumla. Kama haipatikani, kila anapopuliza salbutamoli avute na steroidi papo hapo.

Sindano za kisasa kama tezepelumabu, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2021, zimewasaidia sana wenye pumu kali. Hata hivyo, kabla ya kumpandisha mtu huko, mwambie avute dawa mbele yako.

Mama mmoja aliletwa kwangu kama mwenye pumu sugu. Alibonyeza inhela, ukungu mweupe ukatokea pembeni mwa midomo, ndipo akavuta. Tulianza upya: toa pumzi yote, anza kuvuta polepole, bonyeza huku unavuta, zuia pumzi, hesabu hadi kumi. Mara ya tatu ukungu haukuonekana. Dozi yake sikuiongeza.