Je, wajua kwa nini mfarishi uliopimwa sawa na kitanda hutoka mdogo?

Bibi yetu alipofariki tuligawana leso zake. Fungu langu lilikuwa leso nane, zimelainika kwa kufuliwa miaka mingi. Sikutaka zikae sandukuni ziliwe na mende, nikaamua kuzikata viraka nishone mfarishi (tandiko lenye pamba katikati) wa kitanda cha futi 5 kwa 6. Nikapima kitanda kwa tepu, inchi 60 kwa 72, nikaongeza kidogo kila upande, nikakata. Siku nilipoutandika, ubavu wa godoro ulionekana wazi kushoto na kulia. Shangazi, ambaye ameshona nguo Langoni, hapa Lamu, tangu sijazaliwa, aliushika pembeni akaniambia: “Mwanangu, umepima kitanda, godoro hukulipima.”

Hiyo ndiyo nusu ya jibu. Mfarishi haulali juu tu, huteremka ubavuni. Godoro likiwa na unene wa inchi 8, upana unaohitajika ni 60, na 8 za kushoto, na 8 za kulia: 76. Ongeza inchi 2 kila upande ili ukingo wa chini wa godoro usichungulie, unafika 80. Kwa urefu, kichwani hakuna kinachoteremka, kwa hiyo ni 72 na 10 za miguuni, jumla 82. Anayetaka mfarishi upande juu ya mito na kuchomekwa chini yake aongeze inchi 10 hivi. Mimi napenda mito ikae juu, foronya zionekane.

Na unene usiukisie. Magodoro ya futi 5 kwa 6 huuzwa ya inchi 6, 8 na hata 10. Kati ya la 6 na la 10, upana wa mfarishi hutofautiana kwa inchi 8 nzima.

Vitanda vyetu vya zamani vina miguu mirefu, na wengi hutamani mfarishi ufike karibu na sakafu. Mchana hupendeza kweli. Lakini usiku tunalala ndani ya chandarua, na chandarua huchomekwa chini ya godoro pande zote. Mfarishi mrefu utauchomeka pamoja nacho, uvimbe ubaki kona, na mbu hahitaji nafasi kubwa. Ndiyo maana nasema inchi 2 chini ya godoro zinatosha. Inapoingia kusi na usiku ukawa wa mvua na baridi, zile za ubavuni unazikunja ndani, unajifunika vizuri.

Nusu ya pili ya jibu imo kwenye ushonaji wenyewe, maana mfarishi hupungua mara tatu kabla hujaulalia sana.

Kwanza mishono. Hapa ndipo nilipoumia zaidi. Chukua kiraka cha inchi 10 ukishone na mwenzake, ukiacha robo inchi ya mshono. Kila kiraka kinatoa robo huku na robo kule, kinabaki inchi 9 na nusu. Kimoja hukioni. Viraka vinane kwa safu vinakula inchi 4, na tepu ndiyo itakayokwambia, wakati kitambaa kimeshakatwa. Ukitaka kiraka cha inchi 10 baada ya kushonwa, kata inchi 10 na nusu.

Pili, ule ushonaji wa kuunganisha uso, pamba ya kati na bitana. Kila mstari wa uzi unabana kitambaa chini, na kati ya mistari pamba inakiinua kama vilima vidogo. Kitambaa kinachopanda na kushuka hakifiki mbali kama kilichonyooka. Mistari ikisongamana, mfarishi unazidi kujikusanya. Ndiyo sababu pamba na bitana hukatwa kubwa kuliko uso, inchi 2 au zaidi kila upande, zikapigwa bandi, yaani mishono mirefu ya kuzishikiza kwa muda, na ziada ikapunguzwa mwisho.

Tatu, maji. Pamba isiyowahi kufuliwa inaweza kusinyaa sehemu 3 hadi 5 katika 100. Leso za Bibi zilikwisha kusinyaa zamani. Nilizochanganya nazo zilikuwa mpya kutoka dukani. Baada ya kufuliwa mara moja, viraka vipya vilivuta vya zamani, vikajikunja pembeni. Leso mpya zifuliwe kwanza, zinyooshwe pasi, ndipo zikatwe. Nyekundu loweka peke yake.

Sasa mimi huongeza 5 katika 100 kwa jumla. Inchi 80 kwa 82 zinakuwa 84 kwa 86. Viraka vya inchi 10 baada ya kushonwa, nane kwa nane, vinatoa 80 kwa 80, na pengo linazibwa na pindo: inchi 2 kila ubavu, inchi 3 juu na chini. Kupanua pindo ni kazi ya jioni moja, kubadilisha viraka ni kuanza upya.

Kwa bitana, usitegemee doti moja. Leso ina karibu inchi 59 kwa 43. Mbili zikishonwa ubavu kwa ubavu hazifikishi hata mfarishi wa kitanda cha futi 3 ukihesabu ile ziada.

Ule wa kwanza niliufumua pembeni na kuuongezea pindo. Ukanda wenye jina la leso ya Bibi nimeuweka miguuni, nusu inchi ndani ya ukingo ili mkasi usiguse herufi. Nikitandika asubuhi, maneno yanateremka mbele ya godoro, na anayeingia chumbani anayasoma kutoka mlangoni.